Konvertisa ya Kwanza Iwe ya Wati 60

Leo nafasi yote nampa mtu mmoja, kwa sababu alichoniuliza kinawahusu wengi wenu mnaoishi bondeni, kuanzia Kamanyola, Luvungi na Luberizi hadi Sange, Kiliba na Uvira mjini.

"Yaya," ananiandikia huyu mdogo wangu wa Luvungi, "niko na betri ya volti 12, ampea-saa 70, na pano moja la jua juu ya bati. Nataka nitengeneze konvertisa mimi mwenyewe, nifungue kibanda cha kuchaji simu na kunyoa. Kaka yangu anasema hiyo si kazi ya msichana, na tena nitajichoma. Nianzie wapi?"

Tuanze na kaka, tummalize. Kuhusu usichana, mwambie kwa heshima kwamba transista haijui nani ameishika. Kuhusu kujichoma, hapo kaka yako ana haki, na ninakuomba umsikilize. Kisanduku unachotaka kuunda kinachukua volti 12, ambazo ukizigusa kwa mkono mkavu hutahisi chochote, kinazigeuza kuwa 220, ambazo zinaua. Kutoka kwenye betri au kutoka kwenye nguzo ya SNEL, shirika letu la umeme, 220 ni 220.

Ninaelewa pia uchungu ulio nyuma ya swali lako. Mto Ruzizi unatoka Ziwa Kivu, unateremka makorongo, unapita karibu na kwenu kwenda Tanganyika, na huko juu unazungusha mitambo ya umeme tangu 1958, mwaka wa Ruzizi ya Kwanza. Ruzizi ya Pili ilifuata mwaka 1989, ya nchi tatu kwa pamoja: Kongo, Rwanda na Burundi. Kukaa kando ya mto wa namna hiyo na kulala gizani kunaumiza. Ndiyo maana sitakuambia usubiri. Tengeneza. Ila tengeneza ndogo, na kwanza jiulize kila kifaa chako kinahitaji nini.

Tuchukue simu, maana ndizo zitakazokulisha. Simu hailali njaa kwa kukosa volti 220. Yenyewe inakula volti 5, na ile chaja ya ukutani kazi yake ni kushusha 220 hadi 5. Sasa angalia safari unayotaka kuupitisha umeme wako: unatoka 12 kwenye betri, unaupandisha hadi 220, halafu chaja inaushusha tena hadi 5. Kila hatua inakula ushuru wake. Piga hesabu pamoja nami. Betri ya ampea-saa 70 usiitumie zaidi ya nusu ukitaka ikae, kwa hiyo una ampea-saa 35, mara volti 12, sawa na wati-saa 420. Tuseme simu moja inahitaji kama wati-saa 20 ili ijae. Ukipitia konvertisa inayopoteza moja ya tano, kisha chaja nayo ikapoteza moja ya tano, utajaza simu 13. Ukitumia chaja za gari, zile zinazochomekwa kwenye tundu la kiberiti cha gari na kutoa volti 5 moja kwa moja kutoka 12 kwa upotevu mdogo tu, utajaza kama 19. Simu sita zaidi kutoka betri ileile na jua lilelile, na hakuna volti 220 popote kwenye kibanda ambacho watoto wa watu wanaingia na kutoka. Kwa simu, mdogo wangu, usitumie konvertisa. Nunua chaja za gari mbili tatu nzuri, funga tundu zake kwenye ubao, weka fyuzi, anza kazi kesho.

Taa vilevile. Zipo balbu za LED za volti 12, zifunge moja kwa moja.

Inabaki mashine ya kunyoa, televisheni, labda chaja ya kompyuta ya mteja. Hapo ndipo konvertisa ina kazi, na hapo ndipo nakuelekeza uijenge. Wengine husema mtu anunue tu iliyokwisha tengenezwa. Kwa kibanda cha biashara sikatai, nunua moja ya kufanyia kazi ukipata pesa. Ila aliyeunda moja kwa mikono yake anajua kwa nini ile ya dukani imeungua, na bondeni, ambako barabara ikifungwa kipuri hakifiki, ujuzi huo ni riziki.

Sikiliza jinsi inavyofanya kazi. Umeme wa betri unakwenda upande mmoja tu, kutoka chanya kwenda hasi. Umeme wa nguzo unageuka, unakwenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Transfoma haiwezi kupandisha umeme usiogeuka, kwa hiyo ni lazima kwanza tuugeuze. Tunachukua transfoma yenye nyaya tatu upande mdogo, ile iliyoandikwa 12-0-12, na upande mkubwa 220. Kwa kawaida inashusha. Sisi tunaitumia kinyume. Waya wa katikati, ule wa sifuri, unakwenda kwenye chanya ya betri. Nyaya mbili za pembeni kila mmoja unakwenda kwenye transista yake, na transista hizo zinaufungulia umeme njia ya kwenda hasi kwa zamu. Umeona watu wawili wanaotwanga kinu kimoja: mchi mmoja ukipanda, mwingine unashuka. Transista mbili zinatwanga hivyohivyo. Ya kulia ikifunguka umeme unapita nusu hii ya waya, ya kushoto ikifunguka unapita nusu ile, na ndani ya chuma cha transfoma sumaku inageuka huku na huku. Upande wa pili zinatoka 220. Zikifunguka zote mbili kwa pamoja, michi inagongana, na kinachovunjika ni transista.

Wa kuwapigia mwendo ni kipande kidogo cheusi chenye miguu 14, kinaitwa CD4047. Fundi wa redio yeyote mwenye bidhaa Uvira au Bukavu anaweza kukuagizia, hata Bujumbura ukiwa na mtu anayevuka. Miguu ya 10 na 11 ndiyo inayotoa mapigo, na kimeundwa hivi kwamba mmoja ukiwa juu mwingine uko chini. Kasi unaipanga kwa kapasita kati ya mguu wa 1 na wa 3, na rezista kati ya wa 2 na wa 3. Muda wa duru moja ni 4.4 mara rezista mara kapasita. Unataka duru 50 kwa sekunde, yaani kila duru milisekunde 20. Ukiweka kapasita ya maikrofaradi 0.1, rezista inatoka kama kiloomu 45. Tafuta ile ya kuzungusha ya kiloomu 50, uirekebishe taratibu. Miguu ya 4, 5, 6 na 14 iende chanya; ya 7, 8, 9 na 12 iende hasi. Mguu wa 13 uache.

Transista chukua IRFZ44N mbili. Zinavumilia volti 55, na sababu ya kutotaka ndogo ni hii: transista iliyofungwa inasukumwa na volti za betri mara mbili, kama 25 au zaidi, na juu yake kuna mishtuko ya transfoma kila inapogeuka. Kati ya mguu wa CD4047 na geti la kila transista weka rezista ya omu 100, na kutoka geti hadi hasi weka ya kiloomu 10, ili geti lisibaki linaning'inia likaifungua transista wakati usiotaka.

Sasa hapa ndipo wengi wanapoungulia, usome polepole. Ukiishika IRFZ44N ikikutazama, miguu chini, geti liko kushoto, dreni katikati, sosi kulia. Dreni hiyo ya katikati imeungana pia na lile bati lake la nyuma lenye tundu. Ukizifunga transista zote mbili kwenye bati moja la alumini la kupozea, bila kitu kati yake, umeziunganisha dreni mbili kupitia alumini, na nyaya mbili za pembeni za transfoma zimekuwa waya mmoja. Hakuna kitakachotoka ila joto. Weka karatasi ya maika nyuma ya kila moja, na kijipete cha plastiki kwenye parafujo, kisha pima kwa multimita kati ya bati la transista na alumini: isilie. Au tumia vipande viwili vya alumini visivyogusana, ndiyo rahisi zaidi kwa anayeanza.

Kabla hujawasha chochote, fyuzi. Kama kuna neno moja la kubaki nalo, basi ni hilo. Betri ya asidi inaonekana mpole, lakini nyaya zake zikigusana inamwaga mamia ya ampea na waya unakuwa mwekundu hadi mpira unashika moto. Kwa konvertisa ya wati 60, betri itatoa ampea 5, ukiongeza upotevu 6 au 7. Weka fyuzi ya ampea 10, kwenye waya wa chanya, isizidi shibiri moja kutoka kwenye betri. Ikikaa mwisho wa waya, kule kwenye kisanduku, waya wote uliobaki nyuma hauna mlinzi. Na ikikatika usiifunge kwa uzi wa waya. Imekatika kwa sababu, itafute sababu. Waya wenyewe uwe wa milimita za mraba 2.5, mfupi kadiri inavyowezekana. Mnamkumbuka William Kamkwamba wa Malawi, kijana aliyeacha shule kwa kukosa ada, akasoma vitabu vya maktaba ya kijiji na kuunda kinu cha upepo cha kuwasha taa nyumbani kwao? Hata yeye, nyaya zilipoanza kumtisha, alikaa chini akaunda kikata umeme chake kwa misumari, waya na sumaku. Hakusubiri nyumba iungue ndipo ajifunze.

Kuwasha mara ya kwanza kuna namna yake. Tafuta balbu ya indiketa ya gari, ya wati 21, uifunge katikati ya njia ya chanya, kati ya betri na konvertisa. Kisanduku kisibebe chochote. Unganisha. Balbu ikiwaka kidogo au isiwake, uko salama, pima mapigo. Ikiwaka kwa nguvu zote, ndani kuna kitu kinagusana: kata, tafuta. Balbu ya bei ndogo imekuokolea transista mbili na pengine vidole. Ukiridhika, toa balbu, weka mzigo mdogo wa majaribio upande wa 220, taa ya zamani ya waya ya wati 40 ukiipata.

Ukipima volti za kutoka, usishtuke. Mapigo yetu ni ya mraba, yanapanda ghafla na kushuka ghafla, na multimita za bei nafuu zimepangwa kwa wimbi la mviringo la umeme wa nguzo. Kwenye mraba zinasoma zaidi kwa asilimia 11 hivi. Ikionyesha 244, kweli ni kama 220. Jambo jingine: saa sita mchana pano likiwa linaisukuma betri hadi volti 14.4, hesabu tupu ya transfoma yako inakupa 264 bila mzigo. Chaja nyingi za simu zimeandikwa mwisho 240. Angalia kibandiko cha kila kifaa kabla ya kukichomeka.

Na mraba huo ndio unaoamua nini kinafaa. Televisheni za LED na chaja za kompyuta kwa kawaida zinakubali. Mashine za kunyoa zile nzito za waya, zinazonguruma, zitapata joto na kupiga kelele; kwa kibanda chako nakushauri mashine yenye betri ndani, inayochajiwa kwa volti 5 kwenye ubao uleule wa simu. Unaona tulivyopunguza kazi ya konvertisa tena. Friji, pampu na kitu chochote chenye mota kubwa, hapana. Mashine za hospitali za mgonjwa aliye nyumbani, hapana kabisa, hata wakikuomba kwa machozi. Hizo zinahitaji umeme ambao kisanduku hiki hakiwezi kuutoa.

Ukimaliza kazi, zima kabisa. Transfoma hunywa hata ikiwa haina mgeni. Ikila ampea nusu tu, kwa siku nzima na usiku wake ni ampea-saa 12, theluthi ya zile 35 ulizo nazo.

Kuna mambo ya hatari ambayo siyapi kicheko hata kidogo. La kwanza, usichomeke konvertisa kwenye prizi ya ukutani ili "nyumba nzima iwake". Nimesikia watu wanatengeneza ralonji yenye meno pande mbili kwa kazi hiyo. Transfoma ya mtaa inafanya kazi pande zote mbili, kama ile ya mezani kwako. Umeme ukitoka nyumbani kwenda nje unapandishwa, na fundi wa laini aliyepanda nguzo wakati wa delestaje, akijua pamekatika, ndiye anayeupokea. Na umeme wa SNEL ukirudi ghafla, unaingia kwenye kisanduku chako nacho kinapasuka. Konvertisa iwe na soketi yake yenyewe, basi.

La pili, betri. Ikichajiwa inatoa hewa inayowaka, kwa hiyo isikae chumba cha kulala, isikae karibu na jiko la makaa, na usiwashe kiberiti kuangalia maji yake. Vua pete na bangili kabla ya kushika spana. Pete ikigusa chanya na spana ikagusa hasi, kidole kinaungua hadi mfupa. Asidi ikirukia ngozi au jicho, osha kwa maji mengi, dakika nyingi, halafu kituo cha afya. Na bonde letu ni la joto, jua la Luvungi si la Bukavu. Betri haipendi joto: kila nyuzi 10 juu ya 25, umri wake unakaribia kukatika nusu. Iweke kivulini, juu ya mbao, penye hewa, mbali na mikono ya watoto.

Mtu ataniuliza, kwa nini usimwambie anunue jenereta ndogo ya petroli, amalize? Kwa sababu petroli inakaa ndani ya nyumba, kwenye bidoni, karibu na mishumaa. Sisi watu wa bonde hili hatuhitaji kufundishwa petroli ni nini. Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka Sange na moto wake ukachukua watu zaidi ya 200, wengine wakiwa wameketi kutazama mpira wa Kombe la Dunia. Zipo familia ambazo hadi leo zinahesabu nafasi zilizobaki wazi. Betri na pano vina hatari zake, nimekueleza, lakini ukivifuata kwa adabu vinakuacha ulale.

Sasa la mwisho, nalo sikuulizwa ila nalijua litakuja. Siku kisanduku kitakapowaka, ndugu watakuja. Shemeji ataleta pasi, aongeze na maneno: si una umeme? Pasi ya wati 1000, ukiongeza upotevu, inataka zaidi ya ampea 100 kutoka kwenye betri ya volti 12. Kisanduku chako cha ampea 7 hakitaipasha hata vuguvugu, fyuzi itakatika kabla. Usione haya kukataa, na usimkatalie kwa mdomo mtupu, maana ataona una roho mbaya. Andika kwa rangi juu ya kisanduku: WATI 60 TU. Mwonyeshe shemeji namba iliyo chini ya pasi yake, mwonyeshe na namba yako, asome mwenyewe. Kaka yako naye mwite siku ya kujaribu, mpe kazi ya kushika balbu ya indiketa na kukuambia ikiwaka. Akishaona inabaki nyeusi na televisheni inafunguka, atakuwa mtetezi wako wa kwanza pale nyumbani.

Na ukipenda kazi hii, usiishie kwenye kisanduku kimoja. Bukavu kuna INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi, na kuna Shule ya Ufundi Fundi Maendeleo, wanafundisha umeme kwa utaratibu. Uliza masharti na nyakati za kuingia, uanze kuweka akiba yako kwenye hizo simu 19.

Kwa sasa nenda kwa fundi wa redio ukatafute transfoma, 12-0-12, ampea 5. Mara nyingi zinapatikana ndani ya onduleri za kompyuta zilizokufa au kwenye ampli za zamani za makanisa, lakini nyingine zina volti 9 pande zote mbili badala ya 12, nazo zitakupa karibu 300 upande wa pili bila mzigo. Kwa hiyo usinunue kwa macho. Mwambie aichomeke upande wa 220, upime mwenyewe upande mdogo, kisha uniandikie namba uliyoiona kabla hujamlipa.